Mbwa aliyechoka si mbwa aliyeridhika

Mwenye mbwa anayetafuna viatu na kubweka mchana kutwa akiomba ushauri, jibu analopewa karibu kila mara ni moja: mkimbize mpaka achoke. Usiku wa kwanza ushauri huo hufaulu. Lakini mwili wa mbwa hujenga pumzi na misuli upesi, na baada ya wiki kadhaa za kukimbizwa saa nzima kila siku utabaki na mbwa yuleyule mwenye kero zilezile, ila sasa anahitaji saa moja na nusu ndipo alale. Umemnoa mwanariadha, na utulivu bado haujaja.

Ninachotetea ni hiki: mbwa huridhika pua na mdomo wake vikipata kazi, watu wake wakiwa karibu, na siku yake ikiwa na mpangilio anaoweza kuubashiri. Kukimbia kuna nafasi yake, tena kubwa, lakini hakuzibi pengo la hayo mengine.

Tuanze na matembezi, maana hapo ndipo wengi wanapoteza mengi bila kujua. Vipokezi vya harufu katika pua ya mbwa huhesabiwa kwa mamia ya milioni. Vyetu ni milioni chache tu. Mbwa anaposimama dakika mbili kwenye shina la mti anasoma nani amepita, lini, dume au jike, mzima au mgonjwa. Ukimvuta kila anaposimama, unamfungia kitabu kila anapofungua ukurasa. Kwa matembezi ya dakika 30, mgawanyo unaofaa ni huu: dakika 5 za kwanza mwendo wa utulivu na kamba fupi, dakika 20 za kunusa atakapo na kwa kasi anayoitaka yeye, kisha dakika 5 za kurudi taratibu ili aingie ndani akiwa ameshatulia. Usihesabu umbali. Kuna siku mtatembea mita 300 tu na atalala fofofo.

Kamba ya kawaida iwe mita 2 hadi 3. Mahali palipo wazi, pasipo na magari, tumia kamba ndefu ya mita 5 hadi 10, na hiyo ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Isifungwe shingoni kamwe, kwa sababu mbwa akichomoka mbio na kamba ikaisha ghafla, mshtuko wote unaishia kwenye koo na pingili za shingo. Wewe nawe usiizungushe kiganjani. Vidole huvunjika hivyo. Kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio sizipendi: zina mvuto muda wote, kwa hiyo mbwa anajifunza kwamba akivuta anapata nafasi zaidi, na uzi wake mwembamba huchana ngozi ukizunguka mguuni.

Mkanda wa shingo uruhusu vidole viwili kupita chini yake kwa ulaini. Mkanda wa kifuani uchague ule unaoshuka katikati ya kifua na kupita kati ya miguu ya mbele. Ule wenye ukanda uliolala mlalo mbele ya mabega humfupishia hatua. Baada ya matembezi manne au matano ya kwanza, mkague makwapani: nywele zilizokatika au ngozi nyekundu maana yake mkanda unasugua. Papo hapo tafuta kupe masikioni, katikati ya vidole na kwenye mapaja kwa ndani.

Kuhusu kuvuta: mbwa anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka. Dawa yake ni kusimama kila kamba inapokaza na kuendelea mara tu inapolegea, hata kama ni kwa nusu hatua. Siku ya kwanza mita 100 zinaweza kula robo saa. Kinachowashinda watu wengi ni kutokuwa na msimamo. Leo wanasimama, kesho wana haraka wanamwacha avute, na mbwa anajifunza kwamba akivuta kwa muda wa kutosha hatimaye atashinda. Njia nzuri ya kukwepa mtego huo ni kutumia vifaa viwili: mkanda wa shingo siku za mafunzo, mkanda wa kifuani siku ambazo huna muda. Mbwa hutofautisha upesi kwamba huu una sheria yake na ule una yake.

Kiasi cha mazoezi hutegemea umri na jamii ya mbwa kuliko ukubwa wa mwili. Mbwa wengi wazima wa nyumbani huridhika na jumla ya saa moja kwa siku, ikigawanywa mara mbili. Mbwa wadogo wa kukaa mapajani hutosheka na dakika 30 hadi 45. Mbwa waliozalishwa kwa kuchunga au kuwinda, mfano Border Collie, wanahitaji saa moja na nusu hadi mbili, na sehemu ya muda huo lazima iwe kazi ya akili, la sivyo wanajitafutia kazi wenyewe, kama kuchunga watoto au kufukuza baiskeli. Greyhound huwashangaza watu: hupiga mbio kali za dakika chache, kisha hulala siku nzima. Pug na Bulldog, wenye pua bapa na njia finyu za hewa, watembezwe kwa vipande vifupi vya dakika 15 hadi 20, tena wakati wa ubaridi tu.

Watoto wa mbwa ni habari nyingine. Ncha za mifupa yao zina sehemu laini ambako mfupa hurefukia. Kwa mbwa wadogo hukomaa karibu na mwaka mmoja, kwa wale wakubwa sana huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Kabla ya hapo epuka kumkimbiza kando ya baiskeli, kumrukisha vizuizi, na kupanda na kushuka ngazi mara kwa mara. Kucheza huru kwenye nyasi, akiwa na uhuru wa kusimama anapotaka, hakuna ubaya. Jambo linalosahaulika ni usingizi: mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na akikosa huwa mkali kama mtoto wa binadamu aliyepitiliza usingizi. Anang'ata mikono, anararua mapazia, na mwenye nyumba anadhani ana nguvu nyingi, anazidi kumchezesha. Jaribu mpango wa saa moja macho, saa mbili kitandani mwake mahali penye kimya. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ukorofi huyeyuka ndani ya siku chache.

Joto linastahili aya yake, kwa sababu linaua. Mbwa hatoi jasho la maana. Tegemeo lake kubwa ni kutweta ili unyevu wa ulimi na njia za hewa upoze damu, na hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi njia hiyo hushindwa. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa kiganja chako barabarani kwa sekunde 7. Usipoweza kustahimili, nyayo zake nazo haziwezi. Dalili za hatari ni ulimi uliotanuka na kuwa mpana nchani, ute mzito, kugoma kutembea, kisha kuyumba. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, likipita 40 kwa sababu ya jua au mbio, huna muda wa kusubiri. Mtoe juani, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwendelee kummwagia, kisha mumpeleke kwa daktari wa mifugo. Kumpoza kunatangulia safari. Usimfunike taulo lililolowa na kuliacha juu yake, kwani baada ya dakika chache taulo lenyewe hupata moto na kuzuia joto lisitoke. Usimlazimishe kunywa.

Sasa mpira, mchezo unaopendwa na unaotumiwa vibaya kuliko yote. Kurusha mpira mara 50 mfululizo kunamfanya mbwa asimame ghafla, ageuke na kuruka mara 50, na mzigo wote unashukia mabega na kano za magoti. Isitoshe, mwili unapanda msisimko usioshuka kwa urahisi. Ndiyo maana mbwa wengine hurudi kutoka kwenye mpira wakiwa wanazunguka nyumba, wanatweta, hawalali. Rusha mara 6 hadi 8, mpira ubingirike chini badala ya kudunda, na kati ya mirusho ufiche nyasini autafute kwa pua. Maliza kwa kutawanya konzi ya chakula chake chini. Pua ikishaingia kazini, kichwa kinashuka na pumzi zinapungua.

Mchezo wa kuvutana una sifa mbaya usiyostahili. Hauleti ukali ukiwa na kanuni moja: neno "achia" linaheshimiwa. Kulifundisha, liseme mara moja, kisha bana kitambaa kwenye goti lako kiwe kama kimekufa, usivute wala usiseme kitu. Akichoka na kuachia, mwambie "shika" na mchezo urejee papo hapo. Kurejea kwa mchezo ndiyo zawadi yenyewe, na baada ya vipindi vichache ataachia kwa neno tu. Vuta kwa ulalo na chini, usimwinue wala kumtikisa juu na chini, na kwa mtoto anayebadilisha meno, yaani miezi 4 hadi 6, vuta kidogo sana.

Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu katika siku ya mbwa wa nyumbani, ningeondoa bakuli. Walau nusu ya chakula cha siku kiliwe kwa kukitafuta. Hatua ya kwanza, tawanya punje za chakula kikavu kwenye nyasi au zulia, eneo la mita moja ya mraba, akikuona. Akizoea, panua eneo, kisha zifiche chumba kizima. Hatua ya pili, tandaza taulo kuukuu, mwaga punje juu yake, likunje kwa kulizungusha. Baadaye lifunge fundo. Hatua ya tatu, chukua kichezeo cha mpira mgumu chenye uwazi ndani, jaza chakula kilicholowekwa, mwanzoni kilegelege kinachodondoka chenyewe, na akishakuwa hodari kigandishe kwenye friza. Kosa la kawaida ni kuanza na kilichogandishwa. Mbwa anajaribu mara mbili, anaondoka, na mwenyewe anaamua kwamba mbwa wake hana akili. Alikuwa na akili. Swali ndilo lililokuwa la darasa la juu.

Kulamba na kutafuna humtuliza mbwa, na hilo utaliona kwa macho. Chagua kitu ambacho ukikibonyeza kwa ukucha kinaacha alama. Kigumu kuliko hapo kinaweza kupasua jino. Mifupa iliyopikwa usimpe, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha. Soma lebo ya siagi ya karanga kabla ya kumjazia: ikiwa na zailitoli (xylitol), sukari mbadala, kiasi kidogo tu kinaweza kumuua. Zabibu mbichi na kavu, chokoleti, vitunguu maji na vitunguu saumu viwe mbali kabisa. Vitafunwa vya zawadi visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na umpunguzie chakula kwa kiasi hichohicho. Kipimo cha uzito ni rahisi: pitisha vidole ubavuni. Mbavu zipapasike kama unavyopapasa mgongo wa kiganja chako. Zikipapasika kama vifundo vya ngumi, amekonda. Kama kitanga upande wa ndani, amenenepa.

Mbwa wakubwa wenye kifua chenye kina, kama Great Dane na German Shepherd, wasikimbie karibu na mlo. Wape saa moja ya utulivu kabla na mbili baada yake, na mlo ugawanywe mara mbili au tatu. Tumbo lao huweza kujaa gesi na kujizungusha. Ukimwona anajaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo limevimba na hatulii, usisubiri asubuhi.

Tukija kwenye uandani, niseme wazi: mbwa aliyefungwa mnyororo uani hana wenzake, hata kama watu 20 wanapita mbele yake. Anaona yote na hafikii lolote, na uchungu huo ndio unaogeuka ukali. Ua mkubwa nao haumtembezi mbwa. Harufu zake amezimaliza tangu wiki ya kwanza. Alale mahali anaposikia na kunusa watu wake. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini, ileile inayomfunga mama na mtoto mchanga, hupanda kwa pande zote mbili. Kukaa naye tu kuna kazi yake.

Kumgusa pia kuna adabu zake. Mbwa wengi hawapendi kupigwapigwa utosini wala kukumbatiwa, huvumilia. Mpapase kifuani au chini ya sikio kwa sekunde 3, kisha ondoa mkono. Akisogea au akikugusa kwa pua, anaomba zaidi. Akigeuza kichwa, akilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi, au weupe wa macho ukionekana pembeni, amesema hapana. Wafundishe watoto jaribio hilo kabla ya mengine yote, na wasimguse kabisa anapokula au kulala. Akimngurumia mtu, usimwadhibu kwa sababu amenguruma. Mbwa aliyenyang'anywa onyo hubaki na meno tu.

Kuachwa peke yake: mbwa mzima aliyezoea asizidi saa 4 kwa mkupuo. Kwa mtoto, umri wake kwa miezi ukiongeza moja hukupa saa za juu kabisa anazoweza kuzuia mkojo; kuzuia mkojo na kuvumilia upweke ni mambo mawili. Kabla ya kulaumu tabia, acha simu ya zamani ikirekodi. Anayelia, kutoa ute na kukwaruza mlango ndani ya nusu saa ya kwanza ana hofu ya kuachwa. Anayelala saa mbili, akaamka na kurarua mto, ana uchovu wa kukosa shughuli. Huyu wa pili atasaidiwa na chakula cha kutafuta na matembezi ya asubuhi. Yule wa kwanza hatakigusa hata chakula.

Hofu ya kuachwa huondolewa kwa mafunzo ya sekunde chache chache. Chukua funguo, kaa chini tena, mara 10, mpaka zisiwe habari. Fungua mlango, funga, usitoke. Toka sekunde 5, rudi kabla hajaanza kulia. Kisha 10, kisha 7, kisha 20; changanya muda, usipande tu, kwa sababu mbwa anayejua kwamba kila safari ni ndefu kuliko iliyopita huanza kuogopa mapema. Akilia, uliruka hatua. Rudi ulipofaulu mara ya mwisho. Akifika dakika 30 kwa utulivu, sehemu ngumu imepita. Katika wiki hizo za mafunzo asiachwe peke yake kabisa nje ya mazoezi, na hilo ndilo sharti gumu kuliko yote: jirani, ndugu, zamu, lolote litakalowezekana. Kuleta mbwa wa pili mara nyingi hakuponyi, kwani anayemkosa ni wewe.

Ukirudi ukakuta uharibifu, safisha kimya. Ule uso wa hatia unaouona ni jibu kwa uso wako. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, aliwapima mbwa kwa namna ambayo wenye mbwa wakati mwingine waliambiwa uongo kuhusu kama mbwa amekula kilichokatazwa au la, na uso wa hatia ulionekana zaidi pale mbwa alipokaripiwa, awe ametenda au hakutenda.

Yote haya hushikwa pamoja na ratiba, na hapa nina msimamo: linda mfuatano, acha saa ilegee. Mbwa anayelishwa saa 12 kamili asubuhi kila siku ataanza kukuamsha saa 11 na nusu, kisha saa 11. Mlo uje baada ya matembezi, si baada ya mshale wa saa, na muda wake uyumbe kwa nusu saa hadi saa nzima. Mfano unaofanya kazi: choo mara anapoamka, matembezi ya kunusa dakika 30 hadi 40, mapumziko, chakula cha kutafuta, usingizi mrefu wa mchana, alasiri choo na dakika 5 za mafunzo, jioni matembezi ya pili au mchezo, mlo, kitu cha kutafuna, choo cha mwisho. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, kwa hiyo ratiba iliyojaa shughuli kuanzia asubuhi hadi usiku ni kosa pia. Mafunzo yawe mafupi, dakika 3 hadi 5 mara mbili au tatu kwa siku, na zawadi ifike ndani ya sekunde moja au mbili, la sivyo unazawadia tendo jingine.

Weka pia neno la kufunga shughuli. "Basi," onyesha viganja vitupu, kisha kaa na kitabu chako. Atakusumbua siku tatu nne za kwanza, labda akaubwekea huo ukimya wako. Ukimjibu hata mara moja, umemfundisha kwamba "basi" maana yake ni bweka zaidi.

Mbwa mzee asiondolewe kwenye ratiba, apunguziwe. Matembezi matatu ya dakika 10 hadi 15 ni bora kuliko moja la saa nzima, maana viungo vyenye yabisi hukakamaa kwa kulala sana na huuma kwa kuzidishiwa. Tandika mikeka kwenye sakafu inayoteleza. Kucha zikilia sakafuni anapotembea, zimeshakuwa ndefu na zinapindisha vidole. Akianza kuchelewa kuinuka, kusitasita mbele ya ngazi, au kumfokea mtu anayemgusa kiunoni, mpeleke kwa daktari kabla ya kusema ni uzee, kwa kuwa maumivu yana dawa. Michezo ya pua anaweza kuendelea nayo hata macho na masikio yakififia. Mtawanyie tu punje zake mahali palepale kila siku, na umwache achukue muda wake.